Nyayo za Uongo Kwenye Theluji

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla jua halijagusa misonobari, binti yangu Nungu alichukua shoka dogo na ndoo mbili akashuka mtoni. Alivunja barafu iliyoziba tundu la jana, akachota maji, akapanda nayo mlimani mvuke ukimtoka mdomoni. Ndoo ya kwanza aliiingiza kwenye kibanda chetu cha magogo. Ya pili aliipeleka kwenye hema la bibi yake, hapo hapo jirani. Mlango wa hema lile ulitazama upande wa pili, ili mimi na mama mkwe wangu tusionane.

Kwetu sisi Wacheyenne, wenyeji wa nyanda za Marekani, mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Hamtazami usoni wala haingii alipokaa. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote. Akinikuta ghafla njiani, yeye hujifunika blanketi kichwani na kunipa mgongo, nami hupita mbali. Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyebeba maneno kati yetu. Alikufa kwa kifua, akimsubiri daktari wa serikali ambaye siku hiyo alikuwa amekwenda kupiga bata na Msimamizi wetu, mzungu aliyewekwa na serikali kututawala na kutugawia chakula. Basi kazi ya kubeba maneno ikamwangukia mtoto.

Na maneno yenyewe yalibebwa kwa mikono, maana bibi alikuwa kiziwi. Homa ilimla masikio alipokuwa msichana, ule mwaka askari walipowafungia watu wetu ngomeni bila kuni wala chakula. Tangu hapo lugha ya mikono, ile ambayo zamani tuliongea na makabila tusiyosikilizana nayo kwa mdomo, ikawa ndiyo lugha yake pekee.

Nungu alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa sababu ya nywele zake zilizosimama kama miiba ya nungunungu. Shuleni walimwandika jina lingine la kizungu, halikumshika. Mikono yake ilikuwa na kasi ya ajabu. Lakini ilikuwa na utundu pia.

“Nungu,” nilimwambia asubuhi moja, “mwambie bibi yako kuni nimeziweka nyuma ya hema.”

Nikamsubiri nje. Nikasikia bibi akicheka kile kicheko chake kisicho na sauti, pumzi tupu kama mvukuto. Nungu akatoka akiwa amebana midomo.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia kuni ziko nyuma ya hema, Baba.”

“Basi?”

“Na kwamba umezibeba huku unalia kama bibi harusi anayehamishwa kwao.”

Nilicheka. Tangu mama yake afe, kicheko kwetu kilikuwa adimu kama nyama. Bibi naye alimjua mjukuu wake. Kila Nungu alipomaliza kumwambia jambo, bibi alitoa vidole viwili vilivyoachana mbele ya mdomo wake. Hiyo ndiyo alama ya uongo: maneno yanatoka mdomoni yakienda njia mbili. Nungu alitikisa kichwa kukiri, wakacheka. Alama ya kweli ni kidole kimoja tu, kinachotoka mdomoni na kwenda mbele moja kwa moja. Hiyo Nungu hakuitumia mara nyingi.

Mwezi ule alikuja mzungu mmoja, Bwana Whitlow, akapiga hema lake kwenye kona ya mto. Hakuja kuhubiri, wala kupima ardhi ya kutunyang’anya, ndiyo maana tulimshangaa. Alikuwa akiandika kitabu juu ya wanyama wa mwituni na juu ya lugha yetu ya mikono. Kutwa nzima alipiga magoti kwenye theluji akichora nyayo. Watu wakampa jina la Mwandika-Nyayo. Alikaa na bibi saa nyingi, akiuliza alama hii na ile, na Nungu katikati akisaidia. Lugha yetu ya mdomo aliivunjavunja, lakini mikono yake ilijifunza upesi.

Naye hakula bure. Kila mtoto aliyemwonyesha nyayo za mnyama ambaye hajamchora, alimpa kopo la matunda yaliyohifadhiwa kwenye maji ya sukari. Mapichi ya manjano! Nyinyi mnaosoma hapa hamjui kopo hilo lilikuwa na maana gani. Mgawo wetu wa chakula ulikuwa umepunguzwa mara mbili tangu vuli. Msimamizi alisema ng’ombe wamechelewa njiani. Wa kwake hawakuchelewa, tulisikia harufu ya nyama ya kuchoma kutoka nyumbani kwake kila Jumapili.

Nungu alimwonyesha nyayo za sungura, akapata kopo. Za nyegere, kopo. Za mbweha, kopo. Kisha zikaisha. Dada yake Mabel, mtoto wa dada yangu, akawa anamcheka.

“Nungu, mbona mdomo wako leo haunati? Mapichi yamekimbilia wapi?”

“Nitapata mengine.”

“Utamwonyesha nini? Nyayo za kuku wa mwalimu?”

“Nyamaza wewe. Amesema atakayemwonyesha nyayo za mbwa mwitu atapata sanduku zima.”

Mabel akacheka hadi akakaa chini. “Sanduku zima! Mbwa mwitu wa mwisho hapa aliuawa mimi sijang’oka meno ya utotoni. Labda ukamwazime mmoja mbinguni.”

Nungu alikuwa akimtazama Wingu.

Wingu alikuwa mbwa wetu, wa kijivu, mkubwa kuliko ndama. Mama yake alikuwa mbwa wa nyumbani, na baba yake hakuna aliyemwona, ila usiku wa kutungwa kwake farasi wote walikata kamba. Unaelewa mwenyewe. Wayo wa Wingu ulijaza kiganja changu.

Asubuhi iliyofuata, theluji mpya ikiwa imeanguka, Nungu alimfunga Wingu kamba ndefu akampitisha kando ya mto, mbali na kambi. Yeye mwenyewe alitembea juu ya mawe, na pale mawe yalipokosekana alifuta nyayo zake kwa tawi la msonobari. Halafu akakimbia kwa Mwandika-Nyayo.

Yule bwana alipoziona alivua kofia. Alipiga magoti, akapima kwa utepe, akapima tena. Akatazama huku na huku, maana ni mtu aliyeijua kazi yake, na jambo moja lilimsumbua.

“Huyu mnyama anatembea karibu sana na kambi,” alisema. “Na hamna nyayo za mtu?”

“Hamna,” Nungu akasema.

Mwandika-Nyayo akaacha kusema kwa mdomo. Akamtazama machoni, akatoa kidole kimoja mbele ya midomo yake, uso wake ukiuliza. Kweli?

Nungu akainua mkono. Kidole kimoja. Moja kwa moja.

Sanduku la mapichi lilifika jioni ile. Nungu alisema Mwandika-Nyayo amemzawadia kwa kazi yote ya kutafsiri, nami niliona ni haki. Tulikula. Bibi alikunywa maji ya sukari akafumba macho. Nungu alikata kifuniko cha kopo moja, akakisugua kwa majivu mpaka kikang’aa kama mwezi, akakivaa shingoni kwa uzi. Mabel alikitazama kifuniko hicho kwa wivu, akasema kinafaa kumtishia kunguru.

Siku zikapita, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda vibaya, polepole, bila mtu kujua.

Kwanza kunguru. Asubuhi zetu hazikuwahi kukosa kelele zao, ghafla zikakosa. Nikatembea bondeni nikawakuta watatu chini ya mti, mabawa wazi, midomo wazi, hawana jeraha. Kesho yake nikamkuta mbweha amelala ubavu kwenye theluji. Miguu yake yote minne ilikuwa imenyooka kama fito, na meno yake yalikuwa nje kana kwamba anacheka. Theluji kumzunguka ilikuwa imechimbwa-chimbwa kwa kutapatapa. Nikawaambia watoto wasitoke kambini. Lakini nilichokishuku sikukisema, kwa sababu sikuona kwa nini mtu aje kuweka kitu kile huku kwetu.

“Baba, mbweha huyo kafa na nini?” Nungu aliuliza.

“Sijui bado. Usimguse.”

Jioni ile alikula kidogo, akampa Wingu nusu ya chakula chake. Nilidhani anaumwa tumbo.

Asubuhi ya tatu Wingu alirudi kutoka mtoni akitembea vibaya, kama mnyama aliyevalishwa miguu ya mti. Nungu alimwita. Mbwa akajaribu kutikisa mkia, akaanguka. Mwili ukajikunja nyuma kama upinde, ukaachia, ukajikunja tena. Povu likamtoka. Nungu akamkumbatia shingo akipiga kelele, nami nikamvuta kwa nguvu ili asiguse povu lile. Haikuchukua muda. Wingu akanyooka, akatulia, meno nje, kama yule mbweha.

Wakati huo huo kaka wa Mabel alikuwa akipita na farasi, anatoka ofisini kwa Msimamizi. Akamwona mbwa, akashuka.

“Mjomba, kumbe hamjasikia?” akasema. “Wafugaji wakubwa wa ng’ombe wamemlalamikia Msimamizi. Eti kuna mbwa mwitu kwenye mto wetu. Mtu wa sumu amekuja tangu juzi. Amechinja ng’ombe mzee ng’ambo, kwenye uwanda wa mawe mekundu, akampaka sumu nyeupe kila mahali, na huku upande wetu ametawanya vidonge vya mafuta vyenye sumu.”

“Na sisi tuliambiwa na nani?”

“Kuna tangazo limepigiliwa msumari mlangoni pa ofisi.”

“Kwa Kiingereza?”

“Kwa Kiingereza.”

Hivyo ndivyo walivyotuonya! Karatasi mlangoni, kwa lugha ambayo wengi hatuisomi, mahali tunapokwenda siku ya mgawo tu, na mgawo wenyewe haupo. Nilianza kumtukana Msimamizi na ukoo wake. Nungu akanishika mkono. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

“Baba. Nani aliwaambia kuna mbwa mwitu?”

“Mwandika-Nyayo,” kaka wa Mabel akajibu. “Alifurahi, maskini, akamsimulia kila mtu mezani kwa Msimamizi. Hakujua wenye ng’ombe wako pale.”

Nungu akapiga magoti kando ya Wingu. “Hakuna mbwa mwitu,” akasema kwa sauti ndogo sana. “Ni Wingu. Nilimtembeza mimi. Nilifuta nyayo zangu kwa tawi. Baba, ni mimi.”

Nilitaka kumfokea, lakini macho yangu yaliangukia hema la bibi. Moshi haukuwa unatoka juu yake.

“Bibi yako yuko wapi?”

“Alitoka alfajiri.” Nungu akainuka. “Na mfuko wake. Na kisu. Aliniambia ameona jana kunguru wakizunguka ng’ambo. Alisema penye kunguru pana nyama.”

Mabibi zetu hufanya hivyo mgawo ukikosekana. Na anayekuta mnyama ambaye hajaoza, kabla hajapasua nyama ya kubeba, hukata kipande cha ini akala pale pale, kibichi, kupata nguvu ya safari. Ndivyo walivyofanya mama zao kwenye nyati. Hakuna hata mmoja ambaye angekumbuka kusubiri.

Nilimpakia Nungu mbele yangu juu ya farasi wa mpwa wangu, tukapanda ukingo kwa mbio mpaka farasi akawa anahema. Mbingu ilikuwa nzito, rangi ya risasi. Hatukusikia ndege hata mmoja njia nzima. Tulipofika kwenye mwamba unaotazama mto, nikamwona.

Alikuwa ng’ambo, mdogo, mweusi kwenye theluji, ameinama juu ya ng’ombe mwekundu. Mto katikati yetu ulikuwa umeanza kupasuka barafu. Vipande vikubwa vilisukumana na kusaga kama mawe ya kinu. Kivuko salama kilikuwa mbali juu, na mpaka tukizunguke angekuwa ameshakula akashiba. Kumwita kulikuwa na faida gani? Hata bunduki asingeisikia.

Nilisahau kila kitu. Nilisimama juu ya mwamba nikapunga mikono yote miwili, nikaanza kumwambia kwa alama: nyama, mbaya.

Akainua kichwa, akaniona.

Na mama mkwe wangu akafanya vile alivyofanya maisha yake yote. Akavuta blanketi, akajifunika kichwa chote, akanigeuzia mgongo. Chini ya blanketi niliona mkono wenye kisu ukiendelea na kazi.

“Baba, lala chini!” Nungu alilia. “Lala chini, hawezi kutazama huku ukiwepo!”

Nikajitupa nyuma ya mwamba kifudifudi. Nilikaa hapo, uso kwenye theluji, mwanamume mzima, kwa kuwa njia pekee ya kumwokoa ilikuwa nisionekane. Nilimwona Nungu kwa pembe ya jicho tu.

“Anatazama?”

“Bado. Hatazami. Anadhani bado upo.” Alirusha jiwe, likaishia mtoni. Alirukaruka. “Baba, amekata. Anakata ini. Bibi! Bibi!”

“Acha kumwita kwa mdomo! Fikiri!”

Kisha nikasikia uzi ukikatika. Alikuwa amekivuta kifuniko cha kopo shingoni. Akakiinua juu, akakigeuza huku na huku. Hakikutoa chochote. Jua lilikuwa limezikwa na mawingu.

“Jua,” alisema. “Jua, tafadhali. Jua.”

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Najua kwamba barafu ilisaga, na kwamba nilianza kumwomba mke wangu, aliyekuwa amekwenda mbele yetu, asimwite mama yake bado. Kisha theluji mbele ya pua yangu ikapata weupe mwingine. Mawingu yalikuwa yamechanika kidogo upande wa mashariki.

Nungu aliudaka mwanga ule na kifuniko. Doa la mwanga likavuka mto, likatetemeka juu ya theluji, likampita bibi, likarudi, likatua kwenye mzoga mbele ya mikono yake. Likacheza hapo.

“Ameliona! Baba, anageuka. Anafunua blanketi.”

“Zungumza naye!”

Nungu akakiachia kifuniko, akainua mikono. Nyama hiyo mbaya. Usile. Ukila utakufa.

“Anasema nini?” niliuliza kutoka chini.

“Anacheka. Ana ini mkononi. Ametoa vidole viwili.”

Vidole viwili. Uongo. Bibi alidhani ni mchezo wa kila siku, kwamba mjukuu wake amekuja mbio mpaka huku kumtania juu ya chakula chake. Na kwa nini asidhani hivyo? Mikono ile ilikuwa imemwambia mambo mangapi ya kuchekesha?

“Analipeleka mdomoni,” Nungu alinong’ona.

Hapo akafanya jambo ambalo kwa mtoto ni gumu kuliko kuvuka mto ule kwa miguu. Alisimama wima kabisa pembeni ya mwamba, mahali palipo wazi, akamwambia bibi yake yote. Nilimtazama. Mikono yake haikukimbia kama siku zote, ilikwenda taratibu, kila alama mahali pake. Mbwa mwitu, hakuna. Mimi, mwongo. Nyayo zile, za mbwa, ambaye alama yake ni vidole viwili vikikokotwa pembeni, kama fito ambazo mbwa wa zamani walikokotea mizigo. Mzungu aliamini. Watu wakaleta sumu. Mbwa wetu amekufa. Mimi ndiye niliyefanya. Mimi.

Halafu akainua kidole kimoja mbele ya mdomo wake, akakipeleka mbele, moja kwa moja, kuelekea ng’ambo. Akakiacha hapo hewani. Hakuushusha mkono.

“Anatazama,” alisema, machozi yakimshuka bila kuyafuta. “Anatazama tu.”

Kisha akakaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu. “Amelitupa. Baba, amelitupa. Anatema. Anajisafisha mdomo kwa theluji.”

Tulizunguka kwa kivuko cha juu. Nilimshusha Nungu mbali na mzoga, nikageuza mgongo, naye akakimbia peke yake. Bibi alikuwa amelilamba ini lile, hakulimeza. Kutwa nzima misuli ya uso wake ilirukaruka, na mimi nilikaa nje ya hema lake nimegeukia upande mwingine, nikisikiliza pumzi yake. Mchana wa siku ya pili Nungu alitoka akasema bibi ameomba mchuzi. Hapo nikalala usingizi.

Nilipoamka sikumpiga. Nilimwambia neno moja tu: “Bado mtu mmoja.”

“Najua,” alisema. Akayapanga makopo yaliyobaki kwenye sanduku, tukalipeleka kwenye kona ya mto.

Mwandika-Nyayo alikuwa akifunga mizigo. Nungu alisimama mbele yake na kumweleza yote, kwa mdomo na kwa mikono pamoja, kana kwamba hakuviamini vyote viwili. Yule bwana akakaa juu ya begi lake.

“Nilikuuliza,” alisema.

“Uliniuliza. Nilikudanganya.”

“Na mimi nikaenda kupayuka mezani kwa watu wenye sumu.” Akajipangusa uso. “Wewe una kosa lako, nami nina langu. Twendeni tukayasahihishe yote mawili leo hii.”

Tukaenda kwa Msimamizi. Alitusimamisha mlangoni, chini ya tangazo lake. Alisema sumu imeshaagizwa na imeshawekwa, na mbwa mmoja si hasara ya kuandikia taarifa.

“Karibu afe mtu,” nilisema.

“Lakini hakufa,” alinijibu.

Nungu akasogea mbele yangu. “Bwana mkubwa, hakuna mbwa mwitu. Mimi nilidanganya. Ukiiacha sumu sasa, unaiacha bila sababu, nawe unajua hivyo.”

Msimamizi akamtazama, kisha akamtazama Mwandika-Nyayo, ambaye anaandika vitabu vinavyosomwa mjini. Nadhani ni huko kutazamwa na mwandishi kulikomfanya akubali, si huruma. Alimtuma mtu wa sumu arudi. Mimi, mpwa wangu na Mwandika-Nyayo tulikwenda naye tukakusanya mizoga na vidonge, tukavichoma mpaka mifupa ikawa majivu. Wingu tulimchoma pia, na Nungu ndiye aliyeweka tawi la msonobari juu yake.

Jioni ya siku Mwandika-Nyayo alipoondoka, bibi alimwita Nungu ndani ya hema. Mimi nilikuwa nje nikipasua kuni. Moto ulikuwa unawaka mle ndani, na kivuli cha mikono yao kikapigwa juu ya turubai. Sheria inanikataza kumtazama mama mkwe wangu. Haisemi chochote juu ya kivuli chake, basi nikatazama.

Mikono ya bibi ilikuwa mizito, ikapumzika mara kwa mara. Ilisema hivi:

“Mimi sina masikio. Masikio yangu ni mikono yako. Ukinichekesha nafurahi, endelea kunichekesha mpaka nife. Lakini utani wangu na wako tunaujua wawili, na anayetaniwa hucheka mwishoni. Yule mzungu hakucheka. Mbwa wetu hakucheka. Ukichukua alama ya kweli ukaifunika uongo, umeiiba kwa kila mtu, na siku ukiihitaji utaikuta haina nguvu. Juzi ulikuwa unaihitaji. Unajua nilikuwa karibu kiasi gani kula?”

Kivuli cha Nungu kikainama.

“Nilikuamini kwa sababu moja. Mtu anayetania hajisemi vibaya. Ulipojitaja mwenyewe kwa kosa lako, nikajua. Mwanangu, ukikosea, sema mapema, hata kama unaona aibu. Aibu haiui. Wewe umeona kinachoua.”

Nilikohoa. “Nungu,” nikaita, “mwambie bibi yako kuni nimeziweka nyuma ya hema.”

Kivuli kidogo kikainua mikono. Kuni. Nyuma. Hema. Kikashusha mikono. Kivuli cha bibi kikasubiri, kikasubiri zaidi, kikauliza: na baba yako hakulia safari hii?

Nikasikia Nungu akicheka, mara ya kwanza tangu Wingu afe. Kisha kivuli cha mkono wake kikatoka mdomoni na kwenda mbele moja kwa moja, kwa kidole kimoja.

Alilia, Bibi.

Na mimi nje, na shoka langu, nilikuwa nalia kweli.